Ile Tepu Nyeusi Kwenye Dashibodi ya Mjomba

Ukipanda pikapu ya biashara huku kwetu, iwe ni ya samaki kutoka Shimoni, ya madafu kutoka Msambweni ama ya vitanda na masofa kuelekea Diani, fanya hivi: kabla hujafunga mlango, chungulia dashibodi. Utakuta moja kati ya mambo mawili. Ama kuna taa ya manjano yenye umbo la injini inawaka na dereva hata haiangalii, ama kuna kipande cha tepu nyeusi pale pale taa ilipokuwa ikiwaka.

Mjomba wangu alikuwa wa tepu.

Najua vile watu huongea kuhusu hii kitu. Nimeona klipu kibao za watu wakicheka madereva wa Pwani, ati hatujui magari, ati sisi ni "haraka haraka haina baraka" mpaka injini ife. Hapo nakataa. Nimekaa na hii stori karibu mwaka mzima, nikauliza mafundi wa Ukunda, nikamsumbua babu, nikasoma hizo taa zilitoka wapi. Kile nilichopata si stori ya ujinga. Ni stori ya mzee aliyeziamini taa na mtoto wake aliyefundishwa na taa zenyewe asiziamini.

Anza na babu. Mwaka 1974 alinunua Peugeot 404 pikapu, kuukuu, akaweka turubai na mabenchi mawili nyuma, akawa anabeba watu na mizigo kati ya Likoni na Ramisi. Ukijiuliza kwa nini 1974, ni kwa sababu mwaka mmoja kabla, 1973, Mzee Kenyatta alitoa amri kwamba matatu zibebe abiria bila ile leseni ya mabasi. Mpaka hapo matatu zilikuwa za kujificha. Baada ya amri, kila mwenye pikapu akawa na njia. Na Peugeot ilikuwa na jina. 404 ilishinda Safari Rally mara nne miaka ya sitini, 1963, 1966, 1967 na 1968, kwa hivyo hakuna mtu angekuambia kwamba ile gari haiwezi barabara ya vumbi ya kwenda Lunga Lunga. Babu mpaka leo akisema "Pijo" unaskia heshima.

Sasa skiza hii. Gari za wakati huo zilikuwa na taa chache sana za kuonya. Ya oili, ya chaji, na pengine ya breki. Zote nyekundu. Nyekundu ikiwaka unasimama. Hakuna mjadala. Babu ananiambia alisimama mara mbili kwa sababu ya taa ya oili, mara moja akiwa na abiria kumi na wanne wakimtukana kwa Kidigo mpaka matusi yakaisha. Akafungua boneti, akaangalia kijiti cha oili, akakuta kikavu. Akatuma mtoto dukani. Baada ya nusu saa wakaendelea. Ile Pijo alikuja kuiuza bado injini ni ile ile.

Mambo mengine yote aliyajua kwa masikio na pua. Klachi ikiungua inanuka. Plagi ikifa gari inakohoa. Mafuta yakiliwa sana utajua kwa sababu unahesabu lita na safari, huhesabiwi na kompyuta. Na kuhesabu ilikuwa lazima, manake Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zilipofunga bomba, pipa la mafuta lilipanda kutoka kama dola 3 mpaka karibu 12 ndani ya miezi michache. Babu aliingia biashara ya gari wakati mbaya sana wa kununua mafuta. Anasema alikuwa akizima injini akishuka mteremko. Tafadhali usijaribu hiyo, breki zako za leo zinategemea injini iwake.

Biashara yake ilikufa kwa sababu ambayo haikuhusu gari. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilifungwa 1988. Wafanyakazi wakaondoka, mishahara ikaondoka, abiria wakaondoka. Ukipita Ramisi na mtu wa rika la babu, atanyamaza kidogo. Kiwanda kipya cha sukari kilikuja Kwale miaka mingi baadaye, lakini babu alikuwa ashakaa barazani.

Mwaka huo huo wa 1988, mbali sana na Ramisi, jambo lingine lilianza. Na hapa ndo naomba uvumilivu wako, manake bila hii huwezi kuelewa tepu ya mjomba.

Taa ya kuonya kwenye dashibodi si kitu kipya. Kampuni ya Hudson huko Marekani ilianza kuziweka miaka ya 1930, badala ya mishale ya kupima presha ya oili na chaji. Wapenda magari walizidharau, wakaziita taa za wajinga, kwa sababu mshale unakuonyesha tatizo likija polepole, lakini taa inakuambia tu kwamba limeshafika. Hawakukosea sana. Taa ya oili, kwa mfano, haikuambii oili imepungua. Inakuambia presha imeanguka, yaani vyuma ndani vinasuguana sasa hivi. Kutoka hapo una dakika chache tu.

Lakini ile ya manjano yenye umbo la injini ina ukoo tofauti kabisa. Hiyo ilizaliwa kwa sababu ya moshi wa Los Angeles. Julai 1943, katikati ya vita, mji ule ulifunikwa na ukungu unaochoma macho mpaka watu wakadhani Wajapani wamewashambulia kwa gesi. Miaka ya hamsini mwanasayansi Arie Haagen-Smit alionyesha kwamba sehemu kubwa ya sumu ile inatoka kwa magari na viwanda vya mafuta, ikipikwa na jua. California ikaanza kubana magari. Ikafika wakati serikali ikasema: haitoshi gari kuwa safi siku inapotoka kiwandani, lazima ijichunguze yenyewe kila siku na imwambie dereva ikianza kuchafua. Magari ya California ya mwaka 1988 yakaanza kubeba kompyuta ya kujichunguza, na kuanzia modeli za 1996 Marekani yote ikawa na mfumo mmoja, OBD-II, wenye soketi moja ya pini 16 chini ya usukani. Ulaya ikafuata, petroli 2001, dizeli miaka michache baadaye. Ikawa rahisi kwa viwanda kutengeneza gari moja kwa ajili ya dunia nzima.

Kwa hivyo ile taa, kiini chake, ni askari wa mazingira. Kazi yake ya kwanza ni kusema "moshi wako unaweza kupita kiwango." Wakati mwingine inamaanisha injini iko taabani. Wakati mwingi inamaanisha sensa fulani kwenye bomba la moshi imechoka na gari itaendelea kutembea mwaka mzima bila shida. Ikiwaka tu, nenda kwa fundi wiki hii. Ikiwa inawaka na kuzima, inawaka na kuzima, punguza mwendo mara moja, kwa gari ya petroli hapo kuna silinda haichomi sawasawa na unachoma hela. Hayo yote yameandikwa kwenye kile kitabu cha gari. Uliza sasa ni nani Kwale amewahi kukiona kile kitabu. Gari za Japani zinakuja na kitabu cha Kijapani kama kimekuja kabisa, na pikapu za mnada wa kampuni zinakuja na vumbi.

Pikapu ya mjomba ilikuwa ya mnada. Alinunua 2018, ya dizeli, kebini moja, na sitaitaja jina kwa sababu gari haikuwa na kosa. Ilikuja na taa ya manjano ikiwaka tayari. Fundi aliyeiangalia alimwambia ukweli, na hilo ndilo linaloniuma: ulikuwa ukweli. Alisema, "Hiyo ni ya EGR tu, imezibwa, haina neno."

EGR ni vali inayorudisha moshi kidogo ndani ya injini ili joto la kuchoma lishuke na sumu fulani ipungue. Huwa inajaa masizi. Mafundi wetu wengi wakichoka kuisafisha wanaiziba na kipande cha bati, na gari inatembea. Kumbuka pia mafuta yalivyokuwa. Dizeli ya Afrika Mashariki ilishushwa mpaka salfa 50 kwa milioni kuanzia Januari 2015 tu, na kiwanda cha kusafishia mafuta cha Changamwe kilikuwa kimeacha kazi hiyo tangu 2013. Gari za kisasa zilikuwa zimeshaanza kuja kabla mafuta yao hayajafika. Watu walijifunza kuziba mabomba, na kwa dizeli ile kulikuwa na sababu.

Shida ni kwamba kompyuta haijui bati. Inaona moshi haurudi, inaandika kodi, P0401, inawasha taa. Milele. Mjomba akakaa nayo miezi mitatu, usiku inamchoma macho, akabandika tepu. Na kwa miaka minne alikuwa sahihi. Taa ilisema kuna tatizo, gari ikasema hakuna, pesa ikaingia.

Halafu mafuta yakaanza kuliwa.

Alikuwa akienda Msambweni mpaka Likoni na kurudi, na vizunguko vya hapa na pale, kama kilomita 110 kwa siku, samaki asubuhi, mizigo ya duka kurudi. Gari ilikuwa inampa kilomita 11 kwa lita. Kufikia katikati ya 2023 ikawa inampa 8. Piga hesabu mwenyewe. Kutoka lita 10 mpaka karibu lita 14 kwa siku. Na ulikuwa mwaka gani huo? Ni mwaka ambao VAT ya mafuta ilitoka asilimia 8 ikawa 16 mwezi wa Julai, na Septemba EPRA ikatangaza dizeli Nairobi shilingi 200.99, sisi wa Mombasa na Kwale tukiwa shilingi chache tu chini. Zile lita tatu na robo tatu za ziada zilikuwa kama shilingi 750 kila siku. Kwa mwezi wa siku 26 za kazi, ni 19,500. Hiyo ilikuwa karo ya binamu yangu, Fomu Tatu, inatoka kwa bomba la moshi ikiwa nyeusi.

Mjomba alilaumu petroli stesheni. Alisema wanachanganya na mafuta ya taa, na hakuwa anaota, ule mchezo ulikuwa mkubwa mpaka serikali 2018 ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili kuuvunja. Akabadilisha stesheni mara tatu. Akalaumu foleni ya feri, na kweli dizeli ikisimama inaunguruma inakunywa kati ya nusu lita na lita kwa saa. Akapunguza mzigo. Akajaza upepo matairi, na hapo alipata nafuu kidogo, matairi yalikuwa yamelala. Lakini ile 11 haikurudi.

Sababu tuliijua baadaye, gari ikiwa imeshakufa. Bomba la mpira la tabo lilikuwa limepasuka upande wa chini. Hewa iliyosukumwa inatoka nje kabla ya kufika kwenye injini, dizeli inaingia nyingi kuliko hewa, haichomeki yote, moshi mweusi, gari nzito, mguu unakanyaga zaidi. Bomba la mpira. Na kompyuta iliona! Ilikuwa imeandika kodi ya pili, P0299, presha ya tabo imeshuka. Lakini ingemwambia vipi? Taa ni moja. Taa ambayo tayari inawaka haiwezi kuwaka mara ya pili, hata ungetoa tepu.

Nimelifikiria hilo sana. Watu wanasema tepu ndo ilimponza. Tepu haikuficha kitu. Taa yenyewe ilikuwa imeshakuwa bubu tangu siku ya mnada.

Niseme pia, mjomba si peke yake, na si taa hiyo tu. Nilipoanza kuuliza nilipata mambo. Kuna jamaa wa Ukunda alikuwa na pikapu ya otomatiki, miaka miwili anaendesha na O/D OFF imewaka, akidhani ni mapambo, kumbe kidole kiligusa kitufe cha gia na gari haijawahi kuingia gia ya juu. Injini inalia barabarani na tangi linakauka. Alibonyeza mara moja mbele yangu, taa ikazima, akaniangalia kama nimefanya uchawi. Mwingine alitoka kwenye mchanga wa ufuo huko Gazi na 4WD, akasahau, akaja nayo kwa lami mpaka Diani na taa ya kijani ikiwaka. Kijani si ni poa? Kijani inamaanisha kitu kimewashwa tu. Matairi yaliisha kabla ya wakati. Halafu ile T-BELT ya dizeli za Toyota, ambayo haina sensa yoyote kwenye mkanda, inahesabu kilomita tu, kwa nyingi ni 100,000, ikifika inawaka ikukumbushe kubadilisha. Kuna watu wanaizima bila kubadilisha mkanda. Mkanda ukikatika pistoni zinakutana na vali na hapo hakuna dua.

Kuna moja ambayo madereva wa zamani wanaijua vizuri kuliko sisi, ile ya springi, ya dizeli kupasha joto. Babu anaisubiri izime ndo apige stata. Sisi tunapiga tu. Kwa joto la Msambweni unasamehewa.

Turudi kwa mjomba. Novemba 2023, Jumamosi. Yuko Gazi anarudi na mzigo wa unga na sukari wa mtu. Taa nyekundu inawaka, ile ya kibirika cha oili. Taniboi wake aliiona, akamwambia. Na mjomba, mtoto wa mtu aliyesimamisha abiria kumi na wanne kwa taa hiyo hiyo, alisema maneno ambayo taniboi aliyarudia kwetu jioni ile akiwa karibu kulia: "Achana nayo, taa za hii gari ni za uongo."

Ungesema nini wewe? Miaka mitano taa imemwambia simama, na kila siku akaendelea, na kila siku akafika. Hakuna mtu aliyewahi kumkalisha chini akamwambia kwamba nyekundu ni sheria nyingine, kwamba rangi hizo zimepangwa kimataifa, nyekundu hatari, manjano tahadhari, kijani na bluu kimewashwa. Babu alijua nyekundu kwa sababu katika gari yake nyekundu ndiyo iliyokuwa lugha yote. Mjomba alipewa gari inayoongea kila wakati.

Kabomba kembamba kanakopeleka oili kwa tabo kalikuwa kanavuja, na oili hakuwa ameangalia kwa muda, manake pesa ya kubadilisha oili ilikuwa inaingia kwa dizeli. Unaona vile inaungana? Kabla ya kufika Msambweni injini ilianza kugonga, halafu ikasimama. Fundi alipofungua alitoa bearingi za krenki zikiwa zimesagika kama maganda. Injini ya mtumba na kazi ya kufunga ilikuja laki tatu na ushee. Mjomba hakuwa nazo. Aliuza pikapu kwa mtu wa spea, kwa bei ambayo hapendi niitaje. Binamu yangu alikaa nyumbani wiki sita muhula uliofuata mpaka familia ikachanga. Alirudi shule, lakini kuna somo moja alilokuwa anaongoza na hakuliongoza tena. Yeye mwenyewe hataki tuongee hayo.

Siku hizi mjomba anaendesha pikapu ya mtu mwingine, njia ile ile. Mimi nilinunua kale kadude ka Bluetooth ka kusoma kodi, bei yake haifiki hata nusu tangi la mafuta, na nimekuwa fundi wa uongo wa mtaa. Watu wananiletea gari nisome halafu nawaambia waende kwa fundi wa kweli na namba mkononi. Ukienda kwa fundi na namba, mazungumzo yanakuwa mengine. Na akishatengeneza, mwambie afute kodi, taa izime, ili ikiwaka tena iwe inakuambia jambo jipya. Hilo ni muhimu kuliko tepu yote ya dunia.

Wiki iliyopita mjomba alinipigia akiwa nje kwetu. Pikapu ya bosi wake imewasha taa. Nikachomeka kadude, nikasubiri, ikaja P0401. Ile ile. Nikamwambia ni EGR, asikubali izibwe, isafishwe, halafu nitafuta kodi. Akakaa kimya, akaangalia dashibodi kama mtu aliyekutana na mdeni wake sokoni.

Babu alikuwa barazani na kahawa yake, kikombe cha pili. Akauliza kutoka pale pale, "Ni nyekundu?"

Nikamwambia hapana babu, ni ya manjano.

Akamwangalia mjomba kwanza, muda kidogo, halafu akarudi kwa kahawa.